Watoto washakuwa wakubwa, mambo ya Mfungo Sita nyumbani hawayataki tena. Nfanyeje?

MamaWanne_Langoni

Asalam alaykum ndugu zangu. Naandika usiku huu watoto washalala manake mchana siwezi kulizungumza hili bila machozi kunijia. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, nina watoto wanne, mkubwa mvulana ana miaka 17 yuko bodingi Malindi, anayemfuata ni binti wa miaka 14, halafu kuna wadogo wawili wa 9 na 6.

Kwetu Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ndio mwezi wa nyumbani. Idi kila mtu anayo, lakini huu tunauona ni wetu hasa. Tangu enzi za mamangu, wiki ya mwisho ya mwezi kabla ya maulidi ya Msikiti wa Riyadha, sisi tunasoma yetu nyumbani Jumatano jioni, tunaalika majirani na jamaa wa kike. Usiku wa kuamkia siku ile tunakaa kiwandani, yaani uani kwetu, sote, sinia ya asumini katikati, maua ya mkadi na rihani pembeni, tunafunga vikuba (vishada vya maua ya kunukia) vya wageni. Mama anakaanga visheti na watoto wamezunguka wanasubiri vitiwe shira. Yule mkubwa zamani kazi yake ilikuwa chetezo, azungushe udi vyumba vyote mpaka ngazini, na binti kazi yake mrashi, watu wakisimama kwa kiyamu yeye anapita anawanyunyizia marashi viganjani. Alipokuwa na miaka 5 ule mrashi ulikuwa mzito kuliko mkono wake, bibi yake akawa anamshikia kwa chini. Alhamisi twende Riyadha usiku, Ijumaa wanaume waende ziyara makaburini kisha zefe (maandamano ya maulidi), nasi tunasimama barazani kwa shangazi tuiangalie ikipita, matwari, zile ngoma za mkononi, yanalia mpaka kifua kinatetemeka.

Sasa mwaka jana. Mkubwa hakuwepo, shule ilikuwa ishafunguliwa, hiyo tumeizoea. Binti alikuwepo lakini ni kama hakuwepo. Usiku wa vikuba alikaa chumbani na simu, nikimwita anajibu nakuja nakuja mpaka asumini zikaisha. Siku ya pili kiyamu kimefika nampa mrashi mbele ya watu, akaniambia "mama mi si mtoto, mpe huyo mdogo", akageuka akapanda juu. Nilipandwa na hasira nikamfuata nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayajuta. Mamangu aliyasikia yote kutoka chini. Hakusema kitu. Ana miaka 78, vidole havishiki uzi tena, na usoni nilimuona kama mtu aliyefungiwa mlango.

Na mkubwa alivyorudi Novemba nkamuuliza kama hayo mambo anayakosa huko shuleni, akasema "mama hizo zilikuwa za utotoni". Basi, hakuongeza.

Sasa kwa vile Mfungo Sita kila mwaka unarudi nyuma siku kumi, kumi na moja, ushaanza kugusa likizo ya Agosti. Mwaka 2023 uliangukia Septemba ukaingia mpaka Oktoba, watoto wote shule. Lakini huu unaokuja inshallah nitakuwa nao wote wanne nyumbani, angalau mwezi ukianza, na naogopa kuiharibu hii nafasi. Niwalazimishe? Niwaache? Nipunguze mambo, na nikipunguza nianze na lipi? Waliopitia haya naomba mnambie mlivyofanya nyie kwenu, ushauri wa jumla nshaupata mwingi.

---

Nahodha_Matondoni

Waalaykum salam dada, pole sana. Mimi ni baba wa wavulana watatu, wawili washaupita huo umri, kwa hivyo nakwambia yaliyonikuta mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa mpigaji twari tangu mdogo, mashallah mkono mwepesi, nikawa najivunia kila mahali. Kufika miaka 15 akaacha. Magharibi ikiingia yuko uwanja wa Mkunguni na wenzake mbele ya Ngome mpaka saa nne saa tano usiku. Mwaka wa kwanza nilimlazimisha. Alikuja, akakaa pembeni, kanzu safi kofia safi, na mara tu watu walipoinuka akapotea. Nilipata mwili wake tu.

Mwaka wa pili mgongo ulinishika, wallahi siwezi hata kuinama kuvuta kamba, na wageni ndo wanakuja, wengine kwa boti kutoka Faza na Kizingitini, wengine wamepanda basi Mombasa na Malindi wanashuka Mokowe, upande wa bara, wavushwe. Nikamwita nikampa pesa ya mafuta, namba za simu za wageni wote, na ufunguo wa mashine ya boti, nikamwambia kuanzia sasa mpaka Ijumaa wageni ni wako, wa kupokea wewe, wa kulaza wewe, akipotea mtu naulizwa mimi lakini nitakuuliza wewe. Sikumwambia neno moja kuhusu maulidi. Basi yule mtoto alivuka Mokowe mara nne siku moja, kuna mzee mmoja haoni vizuri alimshika mkono kutoka jeti mpaka nyumbani akamtilia maji ya kuoga, na usiku wakati wa matwari nikashangaa namuona kakaa safu ya mbele. Nilipomuuliza kesho yake akanambia "baba siwezi kuwaacha wageni wangu peke yao".

Nikaja kufahamu kwamba miaka ile yote nilikuwa nampa kijana wa miaka 15 kazi ya mtoto wa miaka 7 halafu namkasirikia akiikataa. Dada usinichukie, lakini mrashi ni wa mtoto. Binti yako alikwambia kweli, ila alikwambia vibaya na mahali pabaya.

Huyo mkubwa wako yuko Malindi, sindiyo? Wageni wenu wa Malindi muachie yeye. Awakatie tikiti za basi, aje nao.

---

Binti_Malindi

Mimi nina miaka 21 na nilikuwa huyo binti. Nimesoma post yako mara mbili da, naomba nikusemee upande wake kwa heshima zote.

Sisi tuko Malindi lakini mama ni wa Lamu, kwa hivyo kila Mfungo Sita ilikuwa safari, na nilipokuwa mdogo hakuna kitu nilikuwa nakipenda kama ile safari, unalala Garsen unaamka Witu, halafu harufu ya maji ukifika Mokowe. Kuanzia miaka 13 nikaanza kutafuta sababu za kubaki. Watu wakadhani ni simu. Haikuwa simu. Kwanza, nilikuwa nishavunja ungo na mwili unabadilika, na kila khalo, dada za mama, akinishika ananigeuza geuza, umenona, umekonda, umekuwa mweusi, sasa tukutafutie mchumba. Mbele ya watu. Pili, kazi. Kakangu kwa kisingizio cha zefe alikuwa anaondoka asubuhi anarudi usiku na hakuna anayemuuliza, mimi na binamu zangu tunaosha masinia ya pilau mpaka vidole vinakunjamana na zefe tunaisikia kwa mbali tu. Yaani nilikuwa nafanya kazi yote ya sherehe na sherehe yenyewe siioni. Hilo lilinikaa rohoni.

Kwa hivyo kabla hujauliza anapenda nini, uliza kwanza anaumwa wapi. Pengine mtu alimwambia kitu. Pengine aliona haya kupita na mrashi mbele ya wanawake 40 wanaomkagua kuanzia juu mpaka chini.

Kilichonirudisha mimi kilikuwa hina. Kuna mwaka khalo mmoja alinipa koni na kikopo cha piko, ile rangi nyeusi, akanambia leo wewe ndo mchoraji, wasichana wote watakuja kwako. Nilichora mikono mpaka saa nane usiku, mgongo unauma na nina furaha sijawahi kuipata. Mwaka uliofuata nilienda bila kuitwa. Na hiyo simu msiifanye adui, sisi tuna jamaa Muscat na Jeddah hawajaona maulidi ya nyumbani miaka, sasa hivi mimi ndo ninaowaunganisha kwa vidio, bibi mmoja huko analia kila kiyamu kikifika. Muombe simu yake ifanye kazi hiyo, lakini muombe kweli, umuulize kama atakubali, manake kumuamrisha itakuwa yale yale.

Na tafadhali wavulana nao waoshe masinia.

---

Mzazi_Hindi

Mimi naona tunawadekeza sana hawa watoto. Sisi tulikuwa tukiambiwa twende tunakwenda, hakuna cha kuulizwa unaumwa wapi. Nyumba ni yako, mila ni yako, mpaka aolewe aende kwake afuate. Ukilegeza mara moja umepoteza.

---

Nahodha_Matondoni

@Mzazi_Hindi ndugu yangu nakuheshimu, lakini sisi tulioambiwa twende tukaenda, hebu tuhesabu ni wangapi tulipopata kazi Mombasa na Nairobi tumerudi Mfungo Sita kwa hiari yetu. Mimi nina kaka zangu wawili hawajarudi miaka kumi na kitu. Walikwenda walipolazimishwa, na walipoacha kulazimishwa wakaacha kwenda. Kukaa nyumbani siku hizo mimi kwangu ni lazima, hilo sibishani nawe, mtu asiende kulala kwa rafiki usiku wa maulidi. Ila afanye nini ndani ya siku hizo, hapo ndo nazungumza nao.

---

Baba_Faza

Naomba niingize jambo ambalo hamjalitaja na najua wengi linawakuta, wanaliogopa tu. Wangu ana miaka 17 na alinambia wazi, baba mimi maulidi sisomi, ni bidaa, jambo lililozushwa kwenye dini, nimesikiliza mawaidha YouTube na darasa za shule. Nyumba nzima ilisimama. Babu yake ni mtu wa Riyadha maisha yake yote, alisomea pale. Nilitaka kumpiga, nasema ukweli wangu. Mamake akanizuia. Sasa huyu si uvivu wala aibu, huyu ana hoja, na mimi si mwanachuoni. Nyinyi mngefanyaje?

---

Mwalimu_wa_Chuo

@Baba_Faza mimi nafundisha madrasa, na katika wanafunzi wangu wako wa nyumba zinazosoma maulidi na wako wa nyumba zisizosoma, nao wanakaa mkeka mmoja. Usimpige na usimfukuze, na mbele ya babu yake msijadiliane kabisa. Kijana anayeuliza dini yake inasema nini hajapotea, amefika umri wa kuuliza. Mpeleke kwa shehe unayemuamini, amuulize maswali yake mwenyewe, asikie na majibu ya upande wa pili kutoka kwa mtu aliyesoma, si kutoka kwako umekasirika. Hitilafu hii ya maulamaa ni ya zamani kuliko sisi sote.

Halafu tenganisha vitu. Ndani ya wiki ile kuna mambo hakuna anayeyapinga: kumzuru bibi, kulisha watu, kuunga jamaa waliokuwa wamenuniana, kuwaombea waliokufa, kumswalia Mtume kwa moyo wako. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na msimamo kama wa mwanao, wakaelewana na babake kwamba wakati wa kusoma yeye atakuwa nje anapokea watu na kugawa chakula. Babu yake akawa anamtumia kwenda kununua halwa. Hawajakubaliana mpaka leo, na wanakula sinia moja.

---

Bi_Mkubwa_Mkomani

Naandikiwa na mjukuu wangu, na nimemwambia aandike nisemavyo asinitengeneze.

Weye mama wa Langoni, umesema mamako hakusema kitu. Je, umemuuliza? Mwaka mzima umepita. Mwendee. Sisi watu wazima kuna maneno twayangojea tuulizwe, hatuyasemi wenyewe.

La pili. Mnazungumza kama kwamba haya mambo yalikuwa hivi tangu Amu (Lamu) iwe Amu. Mamangu alinihadithia za shiraa, wanawake wa mui (mji) hawatoki ila wamezungukwa na nguo kama hema lendalo ndiani. Ile ilikuwa ada kubwa, na iliondoka, na sisi tuko. Na hayo matwari mnayowalilia zijana wasiyaate (wasiyaache), Habib Swaleh, yule aliyeanzisha Riyadha, alipoyatia kwenye maulidi kuna wazee wakubwa wa mui waliokataa kabisa, wakanena zitu za ngoma hizi haziingii msikitini. Yeye alikuya kutoka Ngazija, akawakalisha na kuwasomesha watu ambao wenye mui hawakuwa wakiwakalisha karibu. Amefariki 1935, na leo hao hao wajukuu wa waliokataa ndio wa mbele kwenye zefe. Nasema hivi mfahamu kwamba ada huingia na hutoka, mtoto akiligeuza jambo kidogo msione dunia imepasuka. Jambo la kutazama ni kama bado mwakaa pamoja.

La tatu, na hili ndilo hasa. Huyo binti usimpe mrashi, usimpe na kikuba. Mpe udi. Udi wa kupika haupewi mtoto, kwetu msichana alikuwa haonyeshwi mpaka aonekane ameanza kuwa na akili. Vipande vya udi, sukari iivie mpaka iwe shira nzito, sandali, miski, ambari ukiipata, marashi, na kila nyumba ina kipimo chake ambacho jirani hakijui. Hicho kipimo anacho mamako kichwani, hakikuandikwa popote, sindiyo? Basi usiku wa vikuba weye toka, nenda jikoni kwako. Waate yeye na bibi yake, mlango uegeshwe. Mkono wa mamako haushiki uzi lakini pua yake bado ni nzima. Yeye anuse, mtoto apike. Bibi na mjukuu wana mazungumzo yao ambayo mama akiwapo hayatoki.

Na maneno uliyomwambia siku ile, muombe radhi mwanao. Mama kuomba radhi hapungukiwi.

---

Binti_Malindi

Bi Mkubwa nimelia. Bibi yangu amefariki 2019 na kipimo chake cha udi hakuna aliyekichukua, tulijaribu kukisia, haifanani hata kidogo.

---

Jirani_wa_Shela

Nami niongeze la mpangilio tu. Kwa nini maulidi ya nyumbani lazima yawe wiki ya mwisho? Riyadha ndo wana wakati wao na wageni wao kutoka kila mahali. Ya nyumbani mnaweza kusoma siku yoyote ya mwezi, sisi tulihamisha yetu mpaka Jumatano ya kwanza kwa sababu ya watoto wa bodingi, na tumefaidi, manake wiki ya mwisho Lamu imejaa, nyumba zina wageni, bei ya kuku juu, mama umechoka hujui unaitwa nani. Mwanzo wa mwezi kuna nafasi. Halafu wale wanaofungua shule wanaondoka washakula visheti vyao.

Na punguza. Sisi tulikuwa tunapika biriani, pilau, na mikate ya kila aina, sasa ni pilau tu na kachumbari, na visheti kwa sababu visheti vikikosekana watoto wote wanauliza, hata yule mwenye ndevu. Hivyo ndivyo tulijua cha kubakisha: tuliondoa kitu kimoja kimoja kila mwaka, ambacho hakuna aliyekiuliza hatukukirudisha.

---

MamaWanne_Langoni

Nimewasoma wote, nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na mambo ya kufanya kwanza kama mlivyoniambia.

Jana baada ya Asri nilikwenda kwa mama. Nilimuuliza. Alinyamaza muda mrefu, halafu akanambia siku ile hakuumizwa na mtoto, alisikia sauti yangu na akajisikia yeye mwenyewe, manake maneno yale yale aliwahi kunambia mimi nikiwa na miaka 15 nilipokataa kwenda kwa shangazi usiku wa maulidi. Mimi nilikuwa nishasahau kabisa! Yeye hakusahau. Miaka yote hii ameyabeba. Tukalia sote wawili, na nikamuuliza kuhusu udi, akanitajia viungo vinne akasimama, akasema vilivyobaki vya mjukuu.

Binti nimemuomba radhi usiku. Sikutia "lakini". Alikuwa ameangalia ukuta, akasema sawa mama. Baadaye sana nikiwa nazima taa akaniuliza kama ni kweli bibi anataka kumfundisha yeye au ni mimi nimepanga. Nkamwambia vyote viwili. Hakujibu, sijui atafanya nini. Na Binti_Malindi ulikuwa na haki, kuna jirani alimwambia neno kuhusu kifua chake mwaka ule, amenambia sasa hivi, mwaka mzima hakusema. Huyo jirani nitazungumza naye mwenyewe, kabla ya mwezi kuandama.

Mkubwa nimempigia siku ya simu za shule. Nimemwambia mjomba wake na wale wazee wawili wa Malindi mwaka huu hawana wa kuja nao, nataka yeye awalete. Akauliza nauli anapewa yeye mkononi au anatumiwa mjomba. Nikasema yeye. Akasema basi sawa, nitawaleta. Chetezo amesema hashiki, na nimekubali, mdogo wa miaka 9 anaililia tangu zamani.

Na tunahamisha, inshallah Jumatano ya kwanza. Wavulana wataosha masinia, hilo nimeshalitangaza na baba yao amesema ataanza yeye.

Swali moja limebaki: asumini ninazo uani na rihani haina shida, lakini mkadi mwaka jana nilihangaika mpaka nikakata tamaa. Kama kuna mtu Malindi au Mombasa anajua anayeuza mkadi mzuri, aje nao kijana wangu kwenye basi.

---

Binti_Malindi

Kuna mama anauza hapa sokoni, kesho asubuhi napita kwake namuuliza. Nitamfungia kwenye majani ya mgomba na maji kidogo, aushike mkononi asiuweke chini ya kiti, utafika mzima.